Nalanda iliungua mara ngapi? Jibu kwa msomaji aliyenunua kipande cha udongo langoni

*«Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa Tanga, niko mwaka wa tatu wa famasia huku India. Likizo iliyopita tulikwenda kikundi cha wanafunzi kutembelea magofu ya Nalanda, jimbo la Bihar, na nimerudi na mambo matatu yananikereketa. La kwanza ni kuta zenyewe. Baadhi matofali yake yamenyooka kama ya nyumba ya mwaka jana, mpaka mwenzangu akasema tumelipa kiingilio kuangalia kazi ya mkandarasi. La pili, mwongoza watalii alituambia kwamba hiki ndicho chuo kikuu cha kwanza duniani, kikachomwa siku moja mwaka 1193 na jemadari Mturuki aitwaye Bakhtiyar Khalji, na maktaba ikawaka miezi mitatu. Halafu akanitazama mimi na mtandio wangu, akasema: ‘watu wenu hao.’ Wenzangu wakacheka. Mimi sikucheka. Ni kweli? La tatu, nje ya lango kijana mmoja aliniuzia kipande cha udongo cha mviringo, kina alama ya muhuri, akasema kimetoka ardhini. Tangu hapo kimenikaa moyoni. Narudi nyumbani Desemba. Nije nacho?»*

Marahaba mwanangu, na pole kwa hilo la mtandio. Tutalifikia. Kwanza tuzungumze kuta, kwa sababu asiyezielewa kuta za Nalanda hawezi kuuelewa moto wake.

Mwenzako kakosea, ila hakukosea kote. Alidhani gofu ni jengo moja la zamani lililobaki limesimama, kwa hiyo tofali likionekana jipya, basi kadanganywa. Nalanda haiko hivyo. Ni majengo yaliyopandana migongoni kwa muda wa miaka 800 hivi. Mwanzilishi anayetajwa ni mfalme Kumaragupta wa Kwanza wa nasaba ya Gupta, karne ya 5, na sarafu yake imeokotwa papo hapo. Kuanzia siku zake mpaka baada ya mwaka 1200, monasteri zilijengwa, zikachakaa, zikaanguka, zikaungua, zikajengwa tena mahali palepale. Na mafundi wa wakati ule hawakujisumbua kuzoa kifusi. Walikisawazisha, wakamwaga sakafu mpya juu yake, kisha wakasimamisha ukuta mpya kichwani mwa ukuta wa zamani. Ile inayoitwa Monasteri namba 1 wachimbaji waliikuta na tabaka tisa za namna hiyo, moja juu ya mwenzake.

Nina hakika ulipiga picha mbele ya hekalu kubwa la upande wa kusini, lile namba 3, maana hakuna anayepita bila kupiga. Rudi kwenye simu yako uiangalie picha hiyo taratibu. Hekalu lile lilijengwa mara saba, na kila mara jengo jipya lililimeza la zamani zima zima, kama maganda ya kitunguu. Minara ya pembeni yenye sanamu za lipu ni ya ujenzi wa tano. Ilisalimika kwa sababu ujenzi wa sita na wa saba uliifunika. Sasa tazama ngazi. Utaona ngazi juu ya ngazi, za awamu tatu tofauti, moja ikitokea ubavuni mwa nyingine. Aliyepanda ile ya juu hakuwahi kuiona ya chini, ilikuwa imeshazikwa. Wewe umeziona zote kwa pamoja, jambo ambalo hakuna mtawa wa Nalanda aliyewahi kulifanya.

Baada ya watawa kuondoka, mahali pale pakageuka vilima vya udongo na mashamba. Francis Buchanan, mpimaji wa nchi aliyetumwa na Waingereza, alipita miaka ya 1811 na 1812 akaona vilima na masanamu, asijue kwamba ndiyo Nalanda. Aliyekuja kupatambua ni Alexander Cunningham, Mwingereza mtafiti wa mambo ya kale, msimu wa 1861 na 1862, na alitumia njia ninayoipenda sana: alichukua maelezo ya Xuanzang, mtawa wa Kichina aliyefika pale karibu mwaka 637 na kuandika umbali na mielekeo, akayafuata mpaka yakamfikisha. Uchimbaji wa maana ukaanza mwaka 1915 ukaendelea hadi 1937, ukarudiwa kati ya 1974 na 1982. Mpaka sasa yamefukuliwa mahekalu 6 na monasteri 11. Ndipo taabu ya kuta ilipoanza.

Tofali likiwa ardhini liko salama. Unyevu haupandi wala haushuki sana, na jua halilifikii. Ukilifukua umeliamsha. Masika ya kule hushusha mvua nzito, maji yanaingia kupitia kichwa cha ukuta na kuusomba udongo uliounganisha matofali. Kisha jua linakausha, maji yanatoka nje yakiwa yamebeba chumvi, na chumvi ile ikifika usoni mwa tofali inaganda na kuvimba. Wewe ni mtu wa Tanga, umeona ukuta unaota chumvi na kumwaga unga chini. Ni hilohilo. Mwaka baada ya mwaka uso wa tofali unabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua.

Mhifadhi afanye nini hapo? Anaweza kurudisha udongo na kuzika tena, na kitaalamu hilo ndilo salama kuliko yote, ila basi wewe usingeona kitu. Anaweza kujenga paa kubwa juu, ghali na lenye sura mbaya. Au anaweza kuuvika ukuta kofia: kupanga juu yake mistari kadhaa ya matofali mapya, yaliyofyatuliwa kwa kipimo cha yale ya kale, ili mvua ipige yale mapya na ya zamani yapone. Matofali hayo ni ya kufa badala ya mengine. Yakichakaa yanang'olewa, yanawekwa mengine. Nalanda kwa sehemu kubwa walichagua njia hii, na mahali pengine waliuvika ukuta uso mpya pia, siyo kofia peke yake. Hapo ndipo mwenzako alipoona mkandarasi. Mimi ningependa tofauti ya lipi jipya na lipi la kale ionekane wazi zaidi kwa mgeni, na hilo nalisema kama lawama. Lakini siyo utapeli.

Kuna kinyume chake pia, nacho kitamfurahisha mwenzako au kitamuudhi. Ipo kazi ya kale pale ambayo matofali yake yalisuguliwa hadi viungio karibu havionekani. Kwa hiyo unyoofu wa tofali si ushahidi wa upya. Ukirudi, usitazame vichwa vya kuta, inama. Angalia mifereji ya maji machafu inayopita chini ya ukuta, visima vya uani, majiko, vizingiti vilivyolika. Na kama unaona saruji, hapo una haki ya kununa. Nilipokuwa kijana kazini, huku kwetu pwani, tuliziba ufa wa ukuta wa msikiti wa kale kwa saruji kwa sababu ndiyo iliyokuwa imeletwa na gari siku ile. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa unapumua, saruji haipumui. Maji yakakosa pa kutokea, na baada ya masika mawili kiraka chetu kikaanguka kizima kizima kikiwa kimeshikilia uso wa ukuta, chokaa ya kale na kila kitu. Bado nina kipande chake mezani. Kinanikalia kama karani wa dhambi.

Tuje kwenye «chuo kikuu cha kwanza duniani». Nalanda yenyewe ilijiita mahavihara, maana yake makao makubwa ya watawa. Neno hilo limechapwa kwenye mihuri yake ya udongo iliyopatikana kwa mamia: gurudumu katikati, swala wawili wamelala kila upande, na chini maandishi yanayosema ni muhuri wa jumuiya ya watawa waheshimiwa wa mahavihara ya Nalanda. Hakuna shahada, hakuna kitivo. Lakini usikimbilie upande wa pili ukasema kilikuwa chumba cha kusalia tu. Wasifu wa Xuanzang unasema walisoma humo mafundisho ya Kibudha ya madhehebu yote, na pia Veda, yaani maandiko matakatifu ya Kihindu, mantiki, sarufi na utabibu. Mlinzi wa lango alimhoji mgeni maswali magumu kabla hajaingia kwenye mijadala, na katika kila kumi, saba au wanane walirudishwa.

Kiswahili, kwa bahati nzuri, kina neno linalokaa hapo vizuri kuliko la Kizungu. Chuo. Kwa wazee wetu wa pwani chuo kilikuwa kitabu, kisha kikawa mahali unapopelekwa ukiwa mdogo kusoma Kurani, kisha ndiyo vikaja hivi vyuo vya karatasi na ada. Mwanachuoni kwetu ni mtu wa dini na mtu wa elimu kwa pamoja, hatumgawi. Nalanda ilikuwa chuo kwa maana hiyo nzima. Na ajabu, mwanahistoria wa Kiajemi alipoandika habari za mahali pa namna hiyo katika karne ya 13, naye hakutafuta neno jipya. Aliandika *madrasa*.

Idadi nayo huwa inatiwa chumvi. «Wanafunzi 10,000» ni hesabu iliyomo katika wasifu wa Xuanzang ulioandikwa na mwanafunzi wake. Yijing, mtawa mwingine wa China aliyekaa pale miaka kama 10, kati ya 675 na 685, anasema zaidi ya 3,000. Piga hesabu mwenyewe: monasteri moja iliyofukuliwa ina vyumba thelathini na kitu kuzunguka ua. Zidisha kwa 11, weka ghorofa ya pili kwa sababu ngazi zake zipo, laza watawa wawili kila chumba. Unapata kama 1,450. Ongeza vilima ambavyo bado havijachimbwa na utafika jirani na Yijing. Elfu kumi naziona ni sifa za mwanafunzi kwa chuo cha mwalimu wake. Yijing mimi namwamini kwa sababu anaona mambo madogo: anaeleza mabwawa zaidi ya kumi yaliyozunguka makao yale, na kengele iliyogongwa kila asubuhi, watawa wakatoka kwa mamia na vitambaa vyao vya kuogea kila mmoja akielekea bwawa lake.

Sasa moto.

Ulichoambiwa kina vipande vya kweli vilivyounganishwa kwa gundi isiyo yake. Chukua kipande kwa kipande.

Alikuwepo Bakhtiyar Khalji? Alikuwepo. Alikuwa mtu wa mipaka ya Afghanistan ya leo, mpiganaji chini ya dola ya Waghuri, na karibu mwaka 1200 alivamia nchi ya Bihar. Habari zake tunazipata kwa Minhaj-i Siraj, aliyeandika karibu mwaka 1260 baada ya kusimuliwa na askari wawili ndugu waliokuwemo kwenye uvamizi. Anasema Bakhtiyar alikwenda na wapanda farasi 200 mpaka lango la «ngome ya Bihar», akaiteka, na watu wa humo, wote vichwa vimenyolewa, wakauawa. Kisha washindi wakakuta vitabu vingi sana. Wakataka mtu wa kuwasomea na kuwaeleza vinasema nini, wakaambiwa hakuna aliyebaki hai. Hapo ndipo walipojua kwamba ile ngome nzima ilikuwa madrasa.

Isome tena habari hiyo, ni ya kutisha na haihitaji kuongezewa chumvi. Lakini tazama kisichokuwemo. Jina la Nalanda halimo. Wanahistoria wengi huona mahali hapo ni Odantapuri, monasteri nyingine kubwa iliyokuwa pale ulipo mji wa Bihar Sharif, mwendo mfupi tu kutoka Nalanda. Kuchomwa kwa vitabu hakumo. Miezi mitatu haimo.

Je, basi Nalanda ilisalimika? La. Tuna shahidi aliyeingia kwa miguu yake. Mtawa wa Tibet aitwaye Dharmasvamin alifika kati ya 1234 na 1236, yaani zaidi ya miaka 30 baada ya uvamizi ule. Alikuta mahekalu na monasteri nyingi zimeharibiwa na kuachwa. Lakini alikuta pia mwalimu, Rahula Shribhadra, mzee wa miaka zaidi ya 90, akifundisha wanafunzi wapatao 70. Siku moja ikaja habari kwamba askari 300 wako njiani kutoka kambi ya Odantapuri. Wanafunzi wakakimbia. Mtibeti akabaki, akambeba mwalimu wake mgongoni, akaenda kumficha katika hekalu dogo la jirani mpaka askari walipopita. Kisha wakarudi, na darsa la sarufi likaendelea.

Mimi hapo ndipo ninapoiona Nalanda ikifa. Haikufa kwa siku moja ya mwaka 1193. Ilikuwa ikizimika pole pole, ikiwa na mzee mmoja na wanafunzi 70, huku kambi ya jeshi iko jirani.

Na moto? Ulikuwepo, tena zaidi ya mmoja. Kwenye Monasteri namba 1 wachimbaji walikuta alama za kuungua, na jumba la makumbusho la pale limehifadhi mchele uliogeuka mkaa. Lakini yako pia maandishi ya jiwe, ya mwaka wa 11 wa utawala wa mfalme Mahipala wa nasaba ya Pala, karibu mwaka 1000, yanayosema kwamba mtu mmoja aitwaye Baladitya alilijenga upya hekalu baada ya kuunguzwa na moto. Hiyo ni takriban miaka 200 kabla Bakhtiyar hajaipandia farasi nchi ya Bihar. Nyumba zenye mihimili ya mbao, milango ya mbao, taa za mafuta kila chumba na majiko ya kupikia maelfu huungua. Zinaungua zenyewe, bila adui. Mtu akikuonyesha tofali jeusi na kukupa tarehe na jina la mchomaji, muulize ni tabaka ya ngapi. Kama hajui tabaka, hajui moto.

Kuhusu maktaba: hakuna jengo lililofukuliwa Nalanda ambalo tunaweza kuliwekea kidole na kusema hii ndiyo. Majina matatu mazuri yanayotajwa, Ratnasagara, Ratnodadhi na Ratnaranjaka, yanatoka katika vitabu vya Tibet vilivyoandikwa karne nyingi baadaye. Na vitabu hivyo vina kisa chao cha moto, kisichomtaja Mturuki yeyote: ombaomba wawili wasio Wabudha walimwagiwa maji machafu na watawa vijana, wakaenda kufanya ibada ya jua miaka 12, wakarudi na makaa ya moto. Kisa hicho nacho siku hizi kinatumiwa na watu wa upande mwingine wa siasa, kama vile kile cha kwanza kinavyotumiwa na wa upande huu. Mimi sikibebi chochote kati ya hivyo viwili.

Ngoja nikueleze jinsi maktaba ya namna ile inavyokufa, kwa sababu hapa watu hukosea sana. Vitabu vya Nalanda viliandikwa kwenye majani ya miti ya jamii ya mvumo wetu, yaliyokatwa vipande virefu vyembamba, yakatobolewa na kufungwa kwa uzi. Katika joto na unyevu wa Bihar jani hilo halidumu. Mchwa, ukungu, wadudu, vidole vya wasomaji. Kitabu kikidumu karne mbili kimebahatika. Maktaba ya majani basi haiishi kwa sababu ya kuta zake, inaishi kwa sababu ya wanakili: kila kizazi kinakaa chini, kinanakili kile kinachooza. Ipo nakala moja ya Prajnaparamita, kitabu kitakatifu cha Kibudha, leo iko New York, iliyoandikwa Nalanda mwaka 1073, na ina maandishi ya nyongeza yanayosema ilitengenezwa tena mwaka 1151. Oxford wana nakala nyingine ya kitabu hichohicho kutoka Nalanda. Ndivyo kitabu kilivyobaki hai, kwa mtu kukihurumia kila baada ya miongo kadhaa.

Mnakili anakula, analala, anahitaji wino. Anayemlipia ni mfalme na vijiji vilivyowekwa wakfu. Yijing anasema makao yale yalikuwa na vijiji zaidi ya 200. Mwaka 1921 ilipatikana pale bamba la shaba la mfalme Devapala, la karne ya 9, linaloandika kijiji kwa kijiji, vitano jumla, vilivyotolewa kwa ombi la Balaputradeva, mfalme wa Suvarnadvipa, yaani Sumatra. Wakfu uliovuka bahari, mwanangu! Mtu wa kisiwa cha mbali ameomba mapato ya mashamba ya Bihar yawalishe watawa, yawatibu, na yalipie kunakili vitabu. Mapato hayo yakikatika, hakuna haja ya kibiriti. Na yalianza kukatika mapema: wafalme wa Pala waligawa fadhila zao kwa vituo vingine kama Vikramashila na Somapura, kisha nasaba yao ikadhoofika, kisha wakaja askari ambao hawakuwa na sababu ya kuheshimu wakfu wa mtu. Walimu waliosalia wakakimbilia Nepal na Tibet, na vitabu walivyoweza kubeba wakabeba. Xuanzang alikuwa ameshaondoka na vitabu 657 karne nyingi kabla, akafika navyo China mwaka 645. Ndiyo maana mengi ya Nalanda tunayasoma leo kwa Kitibeti na Kichina.

Sasa nirudi kwenye «watu wenu». Bakhtiyar Khalji hana udugu na mtu wa Tanga. Usijitwike utetezi wake, na usijitwike lawama yake. Ukijibu «hakuchoma mtu, huo ni uongo», utakuwa umekosea, maana uvamizi ulikuwepo na watu wenye vichwa vilivyonyolewa waliuawa, na aliyetuandikia habari hiyo ni Mwislamu mwenyewe. Ukinyamaza na kuinamisha kichwa, nako umekosea. Mwulize tu mwongoza watalii, kwa adabu: nani aliandika hivyo, na aliandika mwaka gani? Swali hilo si la dini, na halichekwi.

Limebaki la kipande cha udongo. Umefanya vizuri kuuliza kabla hujakifungia begini.

Kwa picha uliyoniletea siwezi kusema ni cha kale au cha sokoni, na yeyote atakayekuambia kwa picha anabahatisha. Nina dhana yangu: vitu vinavyouzwa malangoni kote duniani mara nyingi ni vya kufinyangwa kwenye kalibu, vikasuguliwa udongo na majivu vionekane vimezeeka. Lakini muhuri wa kweli wa Nalanda nao ni kitu kidogo kama hicho, cha mviringo, cha udongo, na wakati ule ulichapwa kwa wingi, juu ya barua na mizigo, na wa vijiji na ofisi za serikali vilevile. Kwa hiyo siwezi kuifukuza hofu yako kwa mkono mmoja.

Usikioshe. Usikipake mafuta wala kukisugua kwa mswaki ili maandishi yatokee; udongo usiochomwa vizuri unayeyuka kwenye maji kama biskuti. Kifunge kwenye karatasi laini, kitie kwenye kiboksi kigumu, na andika pembeni: ulikinunua lini, wapi, kwa bei gani. Usiandike jina la kijana, huenda naye kauziwa.

Kisha usisafiri nacho. Sheria ya India ya mwaka 1972 inahesabu kitu cha namna hii chenye miaka 100 na zaidi kuwa cha kale, na mtu binafsi haruhusiwi kabisa kukitoa nje ya nchi. Forodha hawatakuuliza kama ulijua. Wala si sheria ya bure: mwaka 1961 sanamu 14 za shaba ziliibwa kwenye jumba la makumbusho la Nalanda, na moja, Buddha wa karne ya 12, ilikuja kuonekana sokoni London na kurudishwa India mwaka 2018. Miaka 57.

Hapa ndipo jibu langu linapoishia na ofisi inapoanza. Idara ya Mambo ya Kale ya India ina ofisi Patna, na huko hukagua kitu kwa macho na mikono. Kama si cha kale, omba hati ya maandishi inayosema hivyo, ambayo ndiyo utakayoionyesha uwanja wa ndege. Kama ni cha kale, kiache kwao na uwape ile karatasi yako. Aliyekipeleka mwenyewe kwa hiari hutazamwa tofauti kabisa na aliyekamatwa nacho. Kama unaogopa kwenda peke yako, nenda na ofisa wa wanafunzi wa kigeni wa chuo chako, au piga simu ubalozini kwanza uwaeleze. Usisubiri wiki ya mwisho kabla ya safari, hati hizi huchukua muda wake.

Na usimrudie kijana yule kununua kingine, hata ukiwa na hakika ni cha bandia. Anayeuza bandia leo, akiona wanunuzi ni wengi, kesho atachukua jembe.

Wakikuambia ni cha sokoni, njoo nacho Desemba. Nitakiweka karibu na kile kiraka changu cha saruji.